Hodi ya Usukani

Mume wangu alikuwa fundi, na watu wote walimwita Fundi, hata mimi. Ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake alikutazama kana kwamba unamtafuta mtu mwingine. Yeye aliniita Nahodha, kwa sababu kwenye boti yetu usukani ulikuwa wangu na mashine zilikuwa zake, na kila mmoja alijua asiguse cha mwenzake. Wanaokuja kunipa pole huanza na maneno, "Ule mkono wake ilikuwa ajali tu, mama." Wao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo wacha niseme ilivyokuwa.

Kabla ya bahari, Fundi alifanya kazi miaka ishirini na tisa kwenye kiwanda cha kusaga nafaka. Alitengeneza mashine zenye kelele kiasi kwamba wafanyakazi walizungumza kwa mikono. Mimi nilikuwa fundi cherehani, nashona sare za shule. Siku moja alirudi nyumbani akasema ameona boti ya matanga imetelekezwa kwenye uwanja wa kutengenezea vyombo. Haikuwa na mlingoti, ndani ilikuwa imeota kuvu, na mwenyewe alitaka tu apatikane mtu wa kuiondoa. Nikamwambia akili zimemruka. Wiki iliyofuata nilikuwa ndani ya boti hiyo hiyo, nimejifunga kitambaa usoni, nakwangua kuvu.

Ilituchukua miaka sita. Kila aliyepita pale uwanjani aliuliza, "Fundi, imekwisha?" naye akajibu, "Bado." Siku ya kuishusha majini mlinzi wa uwanja alimuuliza boti inaitwaje, na Fundi, bila hata kufikiri, akaandika BADO ubavuni kwa rangi nyeupe. Nilicheka hadi nikajishika mbavu. Binti yetu, ambaye hana masihara tangu akiwa mdogo, alisema hilo si jina la chombo cha kuwapandisha wazazi wa mtu.

Tukahamia humo. Kutoka omo, mbele, hadi tezi, nyuma, zilikuwa hatua zangu kumi na nne, na ndani ya hatua hizo tuliweka maisha yote: jiko lililoning'inia ili sufuria isimwagike boti ikilala upande, meza iliyogeuka kitanda, cherehani yangu iliyofungwa kwa bolti sakafuni. Tulikwenda bandari hadi bandari. Yeye alitengeneza injini za boti za wenzetu, mimi nilishona matanga yaliyochanika. Usidhani ni maisha ya starehe. Kila siku kitu kilivuja, kiliziba, kililegea au kilishika kutu, na Fundi alifurahi kila kilipofanya hivyo. Mtu anayependa kutengeneza vitu hawezi kuishi mahali pazuri zaidi ya chombo cha baharini.

Sasa nieleze kuhusu hodi, maana bila hiyo hamtanielewa. Nyuma kabisa kwenye tezi kulikuwa na shimo lenye mfuniko. Humo ilisimama nguzo ya chuma inayoshuka hadi kwenye ubao wa usukani ulio majini. Juu ya nguzo palikuwa na chuma kipana chenye umbo la nusu sahani, kikivutwa huku na huku na nyaya mbili zilizotoka kwenye gurudumu langu. Nikigeuza gurudumu, chuma kile kinazunguka hadi kinagota kwenye kizuizi chake. Mkono ukiwa katikati, umekwisha. Kwa hiyo tuliwekeana sheria. Fundi akiwa shimoni na mimi nataka kugeuza usukani, nagonga sitaha mara tatu. Yeye anatoa mikono, kisha anajibu mara tatu. Nisipojibiwa sigeuzi, hata wimbi liwe limeshafika kichwani. Yeye ndiye aliyeiita hodi.

"Hata kwa jirani hupigi hodi ukajiingilia tu," alisema. "Unangoja karibu."

Miaka minane ile hodi haikukosea hata mara moja.

Miaka mitatu ya mwisho tuligombana sana. Nasema ukweli, nilikuwa mkali. Nilimwita chakula kimeiva, akaendelea kukwangua bomba lake. Nilimwambia mvua inakuja afunge madirisha, akajitia hamnazo. "Umeweka pamba masikioni?" nilimuuliza, na alipogeuka na kuniona uso alisema, "Nimesikia, nilikuwa nafikiri." Alipenda nikae mbele yake tunapozungumza. Nikadhani uzee umemletea mapenzi mapya. Na kwenye injini za watu alikuwa na mtindo wake: anaweka kiganja juu ya injini inayonguruma, anafumba macho, halafu anasema tatizo liko wapi. Mafundi wenzake walikuja kumtazama akifanya hivyo. Mimi mwenyewe nilimsifia bandarini, nikisema mume wangu anasikia kwa mkono. Nilisema kwa mdomo wangu huu, na sikupata picha.

Halafu akawa halali usiku. Anajigeuza, anakaa, anashika kichwa. Nikimuuliza anasema, "Kelele, Nahodha. Kelele haziishi." Nikaamini ni kelele za boti, kwa sababu boti ni mahali pa kelele: kamba zinapiga mlingoti, maji yanagonga ubavu, na miguu yangu mwenyewe inatembea juu ya kichwa chake wakati wa zamu yangu. Nikaona hili ni jambo ninaloweza kulitengeneza mimi, siyo yeye.

Tulipoipandisha boti nchi kavu kupakwa rangi, nilitafuta mpira mnene, ule wa kutandika kwenye sakafu za viwanda. Nikachukua vipimo vya tezi yote kwa karatasi, kama ninavyopima gauni, nikaukata kwa mkasi wangu na kuubandika kwa gundi. Niliufunika mfuniko wa shimo, nikafunika sitaha yote inayouzunguka, hadi mahali ninaposimama kushika gurudumu. Wiki mbili nilipiga magoti pale juani. Nilipomaliza nikamwita aje aone.

Alisimama akatazama muda mrefu. Kisha akachuchumaa, akaubonyeza mpira kwa kiganja, akaugonga kwa kidole kilichokunjwa. Mara tatu.

"Imependeza?" nilimuuliza.

Akanyanyua uso. "Umeishona kama gauni," akasema. "Imependeza sana, Nahodha."

Machozi yalikuwa yamemlengalenga. Nikadhani ni shukrani, na moyo wangu ukajaa.

Safari iliyofuata ilikuwa ya siku nne. Siku ya kwanza bahari ilikuwa shwari hadi nikashona pazia. Siku ya pili asubuhi upepo ulibadilika, na kufikia saa nne mambo yalikuwa yamekwenda mrama kwelikweli. Mawimbi yalitujia ubavuni. Vikombe viliruka kutoka kwenye ndoano zake. Tanga dogo la mbele lilichanika kwenye mshono, si mshono wangu, na Fundi akatambaa kulishusha huku mimi nikiutukana upepo kwa niaba yake. Nililishona nikiwa nimekaa sakafuni, magoti yamebana mguu wa meza, natapika kwenye ndoo na kurudi kwenye sindano. Tulilitweka tena. Tulikuwa tumeshapita hali mbaya kuliko ile, na sikuwa na hofu.

Saa sita mchana gurudumu likalegea mikononi mwangu. Nililizungusha likazunguka bure. Fundi alitazama chini ya mfuniko akarudi kwangu, akanisogelea hadi pua zetu zikakaribia kugusana.

"Waya wa kushoto umechomoka," alisema. "Fungua kana."

Kana ni mti wa kushikia usukani gurudumu likifa. Tuliuchomeka kwenye kichwa cha nguzo, kinachojitokeza juu ya sitaha karibu na shimo, nami nikaukumbatia kifuani kwa mikono miwili, boti ikaanza kunitii tena kwa shida. Yeye akachukua spana na nyundo ndogo. Kabla hajaingia shimoni alinishika bega.

"Hodi, Nahodha. Usisahau hodi."

"Nimesahau lini?" nikamjibu kwa ukali, maana nilikuwa nimechoka.

Akaingia. Mfuniko akauacha wazi kidogo tu, kwa sababu maji yalikuwa yanaturukia. Nilimsikia akigonga. Fundi alikuwa na mazoea yake tangu kiwandani: anagonga nyundo mara tatu, anapumzika, anatazama alichofanya, anagonga tena tatu. Nimeishi na mlio huo maisha yangu yote ya ndoa. Binti yetu alilala kwa mlio huo akiwa mchanga. Kila mara nilipopiga hodi, aliacha kugonga, ukapita ukimya wa kutoa mikono, ndipo likaja jibu. Ukimya ule ndio uliotutofautishia jibu na kazi. Hatukuwahi kuuzungumza, kwa sababu haikuwahi kuhitajika.

Kisha nikaliona. Wimbi moja refu kuliko mengine, linakuja ubavuni, juu yake limeanza kuwa jeupe. Lingetukuta tumelala vile lingetupindua. Nilipaswa kugeuza boti ilipe wimbi mgongo, na nilipaswa kugeuza pale pale.

Nikachukua mpini wa chuma nikagonga sitaha mara tatu. Ulitoka mlio wa mtu anayepiga godoro. Nakumbuka nilijiambia: nimeusikia mimi, atausikia na yeye. Nikangoja. Wimbi likanyanyuka. Ndipo kutoka shimoni zikaja, moja, mbili, tatu.

Hakukuwa na ukimya kabla yake. Nilijua kwamba hakukuwa na ukimya. Lakini nilitaka jibu, na nikalipata.

Nikausukuma kana kwa nguvu zangu zote. Usukani ulikataa kidogo, halafu ukakubali.

Boti ikageuka, wimbi likapita chini yetu na kutunyanyua na kutushusha salama. Nilikaa nimeukumbatia ule mti. Kule kukataa kidogo kulikuwa bado mikononi mwangu, na sikutaka kujua ni nini. Mfuniko ukafunguka. Fundi alitoka mwenyewe, mkono wa kulia ameusokota ndani ya shati, shati limeloa na siyo kwa maji. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Waya umeingia," akasema. "Gurudumu litafanya kazi sasa. Shika usukani."

Nilimfunga mkono kwa vitambaa safi vya tanga, nikambana kwenye kona ya kitanda kwa mito ili asirushwe. Saa thelathini nilishika usukani peke yangu hadi bandari. Sikulia. Nilikuwa naomba tu asiniangalie, na kila nilipochungulia ndani alikuwa ananiangalia.

Hospitalini walimwondolea vidole vinne. Kilibaki kidole gumba. Siku ya pili muuguzi, dada mmoja mnene mpole, alikuja kubadilisha bandeji. Alimsemesha akiwa nyuma yake, anakunjua pamba. Alimuuliza mara mbili kama anasikia maumivu. Fundi aliendelea kutazama dirishani.

"Mama," akaniambia, "mzee huyu hasikii."

"Anasikia vizuri," nikamjibu. "Ni mjeuri tu. Nimeolewa naye miaka thelathini na saba, namjua."

Dada aliweka pamba chini. Alikwenda nyuma ya kichwa cha mume wangu akapiga makofi kwa nguvu, mgonjwa wa kitanda cha tatu akashtuka. Fundi hakupepesa hata jicho. Akaligeukia dirisha vizuri zaidi, kulikuwa na mtu nje anafunga tairi.

Nilikaa kwenye kiti. Miaka mitatu ya ugomvi wetu ilinirudia yote, neno kwa neno. Pamba masikioni. Chakula kimeiva. Kelele haziishi. Kumbe kelele zilikuwa ndani ya kichwa chake, zile mashine za kiwandani zilimfuata hadi baharini na hazikunyamaza.

Nilikwenda nikasimama mbele yake. "Tangu lini?"

Alinisoma midomo, akaelewa kwamba nimejua. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo, na hilo lilinikasirisha zaidi ya yote.

"Tangu mwaka wa tano wa boti. Kidogo kidogo."

"Na hodi? Ulikuwa unaisikiaje?"

"Kwa mgongo. Nilikuwa naegemea ubavu wa boti, inakuja hadi kwenye mifupa. Hodi nilikuwa naipata vizuri kabisa."

"Hadi nilipoweka mpira."

Akageukia dirisha, nikamrudisha kidevu anione midomo.

"Kwa nini hukunikataza? Ulisimama pale ukatazama. Uligonga mwenyewe. Ulijua."

"Ningekukataza kwa sababu gani? Ulikuwa umepiga magoti wiki mbili kwa ajili yangu." Akauangalia ule mkono uliofungwa. "Na ningekwambia ukweli, ungemwambia mtoto. Mtoto angetushusha."

"Ningemwambia, ndiyo."

"Umeona," akasema. "Siku ile mle shimoni nililaza kichwa kwenye ubao wa boti. Nilidhani itatosha."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kulala miguuni pake nisiinuke. Nilimkasirikia kwa sababu alipenda kubaki kwenye ile boti kuliko alivyopenda vidole vyake, na nilijikasirikia kwa sababu mkono uliosukuma ulikuwa wangu. Hasira hizo mbili hazijaachana hadi leo. Nikiishika moja, nyingine inakuja.

Binti yetu alitupa chumba cha uani nyumbani kwake. Kina dirisha moja linaloangalia kamba za nguo, kitanda cha mbao, na meza aliyoipigilia Fundi kwa mkono wa kushoto hadi ikasimama sawa. BADO tuliwaachia mke na mume fulani, vijana, wenye haraka ya kuondoka. Mke alipita tezi akasema, "Mpira huu mzuri, mama, nani aliweka?" Nikamwambia wabandue. Nikawaambia wasiende popote kabla hawajaubandua wote. Waliangaliana. Nadhani walinihesabu miongoni mwa wazee waliochanganyikiwa, lakini mume aliahidi, na nilisimama pale hadi alipoinua ukingo wa kwanza kwa kisu.

Nchi kavu, Fundi alikuwa anashtuka sana nikimgusa ghafla. Kwa hiyo hodi ikarudi. Nikiingia chumbani naye amenipa mgongo au amelala, nagonga mbao za kitanda mara tatu, naye anajibu mara tatu kwa mkono wa kushoto, halafu ndiyo nasogea. Binti yetu alituona tukifanya hivyo akatoka nje akilia. Baadaye naye akajifunza. Majirani walileta pampu zao na feni zao. Mimi nilishika nati kwa vidole vyangu, yeye akazungusha spana, na tukakosana kama zamani kuhusu nani anayelegeza.

Nilimwomba aache kuniita Nahodha. Nilikaa mbele yake mchana, kwenye mwanga mzuri, nikasema pole pole kwamba jina hilo linanichoma. Alinitazama midomo hadi nikamaliza.

"Sijasikia, Nahodha," akasema, na akarudi kwenye feni yake.

Siku ile ninajua kabisa alisikia. Ndiyo namna yake ya kuniambia kwamba kwake usukani ulikuwa bado wangu. Hakuwahi kuniambia amenisamehe, na sikuwahi kumuuliza, kwa kuogopa kwamba angeniuliza nimsamehe na yeye.

Tuliishi hivyo miaka miwili na miezi kadhaa. Moyo wake ulikuwa umechoka, daktari alituambia mapema, naye Fundi akasema injini yoyote ya umri ule ingekuwa inavuta moshi. Wiki za mwisho alilala zaidi. Nililala kwenye godoro pembeni ya kitanda, mgongo wangu kwenye mguu wa kitanda hicho, ili akigonga nisikie hata usingizini.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua limeshafika kwenye kamba za nguo. Nilitoka kuchemsha chai nikarudi na kikombe chake. Alikuwa amelala ubavu, amenipa mgongo, shuka limefika begani. Nikaweka kikombe mezani. Nikagonga mbao za kitanda mara tatu.

Nikangoja.

Nikagonga tena, kwa nguvu zaidi, kwenye mbao tupu zisizo na kitu juu yake. Kikombe kilitikisika. Nilijua. Mtu aliyeishi na mtu miaka hiyo yote anajua kabla hajakaribia. Lakini sheria yetu ilikuwa moja tu, na niliwahi kuivunja mara moja. Nikavuta kiti, nikakaa karibu na mlango, mikono mapajani, nikimtazama mgongo.

Binti yetu aliponikuta, chai ilikuwa imeganda utando juu. Aliniuliza nimekaa pale tangu saa ngapi, na kwa nini sikumwita, na kwa nini sikumsogelea baba.

"Nimepiga hodi," nikamwambia. "Sijajibiwa."